Je, Wajua? Petroli ya Kimbiji, Dhahabu ya Geita na Mishumaa ya Wajapani

Je, wajua kwamba kuna siku mafuta yaliuzwa kwa bei iliyo chini ya bure? Jumatatu ya tarehe 20 Aprili 2020, pipa la mafuta ghafi ya Marekani lilifunga soko kwa dola 37.63 chini ya sifuri. Yaani mwenye mafuta alikulipa wewe ili umwondolee mzigo! Korona ilikuwa imesimamisha magari na ndege, matangi ya mji wa Cushing kule Oklahoma yalikuwa yanaelekea kujaa, na wenye mikataba ya mwezi Mei hawakuwa na pa kuyaweka.

Tulia kwanza, tunaanza tu. Mkataba mmoja wa soko lile ni mapipa 1,000, na kila pipa ni lita 159. Piga hesabu hapo hapo ulipo: lita 159,000 kwa mkataba mmoja! Aliyechelewa kuuacha mpaka jioni ile alitoa dola 37,630 mfukoni mwake, na mafuta akampa mwingine.

Na soko hilo la New York, lile la NYMEX, unajua lilianzishwa na akina nani? Wauza siagi na jibini, mwaka 1872. Mafuta ghafi hayakuingia humo mpaka 1983, yakakuta siagi na viazi vimetangulia kwa miongo mingi.

Haya, hii nayo. Ile bei ya "Brent" unayoisikia kwenye taarifa ya habari imebeba jina la ndege. Kampuni ya Shell ilikuwa ikiyaita maeneo yake ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini kwa majina ya ndege, na brent ni aina ya bata bukini. Shikilia benchi: jukwaa la mwisho la Brent liliacha kutoa mafuta mwaka 2021! Visima vimefungwa, bata kaenda zake, jina bado linapanga bei ya dunia.

Utasema, haya yanamhusu nini bodaboda wa Kimbiji, huku pwani ya Kigamboni, au mvuvi mwenye mashine ya boti? Subiri Jumatano ya kwanza ya mwezi. Saa 6:01 usiku, wewe umelala, bei kikomo mpya ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, inaanza kazi nchi nzima kwa mpigo mmoja. Imekuwa ikitangazwa tangu mwaka 2009, na hakuna kituo kinachoruhusiwa kuuza juu yake.

Sasa chukua kalamu uchore bei hizo kwenye karatasi, mwezi baada ya mwezi. Utapata ngazi! Inakaa sawa mwezi mzima, inapanda au kushuka usiku mmoja, inakaa tena. Chora ya London pembeni yake na utaona mstari uliochongoka kila dakika. Ni mafuta yale yale, lakini michoro yake haifanani hata kidogo.

Na ile ngazi ya Dar es Salaam imewahi kupanda balaa. Katikati ya mwaka 2020 lita ya petroli ilikuwa kwenye shilingi 1,500 na ushei. Agosti 2022 ikafika shilingi 3,410! Vita vya Urusi na Ukraine vilikuwa vimeipandisha bei duniani kote, na Serikali ilikuwa tayari inatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi tangu Juni. Hebu irudie hiyo: bilioni 100 kila mwezi, na bado lita ilikuwa 3,410.

Je, wajua kwamba mwezi huo huo wa Agosti 2022, kilichokuwa ghali kuliko vyote Dar es Salaam kilikuwa mafuta ya taa? Lita ilikuwa shilingi 3,765. Wazee watakumbuka enzi ambazo mafuta ya taa yalikuwa rahisi sana, mpaka wajanja wakawa wanayachanganya kwenye dizeli. Mwaka 2011 kodi yake ikapandishwa kutoka shilingi 52 hadi 400 kwa lita, kwa tendo moja la bajeti, ili uchakachuaji ukose faida. Ukiona mruko wa ghafla namna hiyo kwenye mchoro, usihangaike kutafuta mkono wa London. Mkono ulikuwa Dodoma.

EWURA nayo haiangalii bata wa Bahari ya Kaskazini moja kwa moja. Soma taarifa yake ya kila mwezi: inataja bei katika soko la Uarabuni, gharama za uagizaji, na thamani ya shilingi dhidi ya dola. Vitu vitatu tu, ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya kupanda na kushuka. Soko la dunia linaweza kushuka na wewe ukalipa zaidi, ikiwa shilingi imeshuka kwa kasi kuliko pipa!

Uarabuni nako kuna jambo letu. Mafuta ya Oman, nchi yenye Waswahili tele wenye asili ya Unguja na Pemba, ni mojawapo ya vipimo ambavyo Asia hutumia kupanga bei ya mafuta ya Ghuba. Oman ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1967 tu. Miaka 40 baadaye, mwaka 2007, mafuta yake yakawa na mikataba yake kwenye soko la bidhaa la Dubai.

Sasa geuka utazame baharini. Kabla hujafika Kimbiji, ukishavuka Daraja la Kigamboni, unapita Mjimwema, na hapo nje baharini pana boya linalofungiwa meli za mafuta. Boya, sio gati! Meli ya tani 150,000 inakuja, inafungwa hapo majini, inasukuma mafuta kwa bomba lililolala chini ya bahari. Gati la mafuta la Kurasini haliwezi kupokea meli ya ukubwa huo hata kwa theluthi moja.

Kutoka Kigamboni hiyo hiyo linaanza bomba la TAZAMA. Lina urefu wa kilomita 1,710, linaishia Ndola, Zambia, na limekuwa likifanya kazi tangu 1968. Kabla yake, Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake wa walowezi mwaka 1965 na njia ya kusini ikaziba, mafuta ya Zambia yalibebwa kwa mapipa kwenye malori, kwenye barabara mbaya kiasi kwamba madereva waliiita ya jehanamu. Bomba lile lilipitisha mafuta ghafi kwa zaidi ya miaka 50. Leo linapitisha dizeli iliyosafishwa.

Kigamboni iliwahi kusafisha mafuta pia, unajua? Kiwanda cha TIPER kilianza mwaka 1966 kwa ubia na Waitaliano. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kazi ya kusafisha ilikoma, matangi yakabaki, na mpaka leo yanatunza mafuta ya nchi.

Lakini fungua masikio kwa hii, maana katika zote za leo ndiyo ninayoipenda kuliko nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bei ya pipa ikiwa juu kupita kiasi na nchi ikiwa haina dola, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, lilikuja kutafuta mafuta wapi? Kimbiji! Visima viwili vya utafiti vikachimbwa, kimoja Kimbiji Mashariki na kingine Kimbiji Kuu. Mafuta ya kuuza hayakupatikana.

Usisikitike, hadithi haijaisha. Miaka mingi baadaye wataalamu wa maji walizisoma upya kumbukumbu za watafuta mafuta wa pwani hii, wakaona miamba minene yenye maji matamu ikiwa chini kabisa. Ndiyo akiba ya maji ya Kimbiji! DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ikapanga visima virefu 20 Kimbiji na Mpera, vingine vikienda mpaka kina cha mita 600. Walisaka pipa, wakaachia jiji ndoo.

Na gesi je? Mwaka 2007 iligunduliwa Mkuranga, jirani kabisa. Ile ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa ardhini miaka 30, ikafika Dar es Salaam mwaka 2004 kwa bomba la kilomita 232.

Turudi kwenye michoro. Umewaona vijana na simu zao, skrini imejaa vijiti vyekundu na vya kijani vyenye utambi juu na chini? Wanaviita mishumaa. Unadhani ni mambo ya Marekani? Ni ya Wajapani, na hayakuanza na mafuta wala dhahabu. Yalianza na mchele!

Mji wa Osaka ulikuwa na soko la mchele la Dojima, ambalo mwaka 1730 watawala walilipa kibali rasmi. Watu waliuziana hati za mchele ambao bado haujavunwa. Mfanyabiashara anayetajwa sana kwa kusoma bei hizo ni Munehisa Homma wa Sakata, aliyezaliwa 1724. Nchi za Magharibi hazikuijua vizuri mishumaa hiyo mpaka Mmarekani Steve Nison alipotoa kitabu chake mwaka 1991. Mshumaa mmoja hukuambia mambo manne: bei ya kufungulia, ya kufungia, ya juu kabisa na ya chini kabisa. Manne, kwa kijiti kimoja!

Umewahi kusikia vijana wa chati wakisema "fibo"? Wanapima bei ikipanda itarudi kiasi gani, na namba zao mbili za kupenda ni asilimia 38.2 na 61.8. Zinatokana na mfuatano wa namba wa Leonardo wa Pisa, anayejulikana kama Fibonacci, aliyeandika kitabu chake mwaka 1202. Na hesabu zile za tarakimu unazotumia wewe leo alizikuta utotoni wapi? Afrika! Baba yake alifanya kazi ya forodha katika mji wa Bugia, ambao leo ni Béjaïa, Algeria. Mimi nikiona fibo kwenye chati ya dhahabu, bandari ya Afrika ndiyo inayonijia kwanza.

Kipimo kingine kimejaa kwenye simu zote: RSI. Kinakwenda kutoka 0 hadi 100. Kikizidi 70 wanasema walanguzi wamenunua kupita kiasi, kikishuka chini ya 30 wamekimbia kupita kiasi. Aliyekitunga, Welles Wilder, hakuwa mwanauchumi, alikuwa mhandisi wa mitambo. Alikichapisha mwaka 1978, kabla simu ya mkononi haijafika madukani.

Wewe wa pwani, hii yako. Mwaka 1983 tajiri wa Chicago, Richard Dennis, alibishana na mwenzake William Eckhardt: je, biashara ya soko inafundishika au ni kipaji? Akaweka tangazo gazetini, akachagua watu wachache, akawafundisha kwa wiki mbili tu. Aliwaita kobe, kwa kuwa alikuwa ameona shamba la kobe wa majini huko Singapore. Kanuni yao mojawapo ilikuwa nyepesi ajabu: bei ikivuka kilele cha siku 20 zilizopita, nunua. Wakaenda kwenye dhahabu, fedha, mafuta na kahawa, na kwa pamoja wakapata mamilioni ya dola. Fukwe hizi za kusini mwa Dar es Salaam nazo kasa hupanda kutaga, lakini hao wetu wala hawanunui kahawa!

Dhahabu sasa. Je, wajua kwamba wakia ya dhahabu ni nzito kuliko wakia ya kawaida? Ya kawaida ni gramu 28.35. Ya dhahabu ni gramu 31.1. Ukiambiwa wakia imefika dola 4,000, kama ilivyofika kwa mara ya kwanza Oktoba 2025, gawanya kwa 31.1 na utapata zaidi ya dola 128 kwa gramu moja. Ukienda kwa sonara Kariakoo, nenda na hesabu hiyo kichwani, kisha upunguze kwa karati.

Kuna wakati chati ya dhahabu ilikuwa mstari ulionyooka kabisa! Kuanzia 1934 hadi Agosti 1971, bei rasmi ilikuwa dola 35 kwa wakia. Miaka 37 bila kupanda wala kushuka. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon wa Marekani akaikata kamba iliyoifunga dola na dhahabu, na tarehe 21 Januari 1980 wakia ikafika dola 850.

Halafu? Ikashuka, na ilichukua miaka 28 kukiona tena kile kilele. Majira ya katikati ya 1999 ilikuwa kama dola 252 tu. Uingereza, wakati Gordon Brown akiwa Waziri wa Fedha, ikauza tani 395 za dhahabu yake kati ya 1999 na 2002, karibu kabisa na sakafu. Wafanyabiashara wakalipa bonde lile la bei jina la Brown, na bado lina jina hilo.

Sasa niambie, nani alikuwa anafungua migodi wakati huo huo wengine wanauza? Sisi! Golden Pride ya Nzega ilianza mwaka 1998, Geita ikafuata 2000, Bulyanhulu 2001, North Mara 2002. Migodi yetu mikubwa ya kisasa ilizaliwa bei ikiwa chini kabisa. Kutoka dola 252 hadi 4,000 ni karibu mara 16!

Wachambuzi wa chati wana dari na sakafu. Vijana husema rezistansi na sapoti. Unataka dari halisi? Dola 2,070. Dhahabu iliigonga Agosti 2020 ikarudi, Machi 2022 ikarudi, Mei 2023 ikarudi. Mara tatu, karibu sehemu ile ile, katika miaka mitatu yenye habari tofauti kabisa! Ilipoitoboa kweli mwaka 2024, haikutazama nyuma: mwaka uliofuata ikapita 3,000, kisha 4,000.

Na bei ya dhahabu ya dunia hupangwa saa ngapi? Mara mbili kwa siku, London. Kwa saa zetu ni saa 6:30 au 7:30 mchana, kisha saa 11 au 12 jioni, kutegemea Waingereza wamesogeza saa zao au la. Ilianza tarehe 12 Septemba 1919, na baadaye kidogo ikawa inapangwa katika ofisi za benki ya Rothschild. Kwa miongo mingi walikaa watu watano chumba kimoja, kila mmoja na kibendera kidogo mezani. Kibendera kikisimama, bei haikupitishwa. Dunia nzima ilisubiri kibendera kilale!

Fedha nayo ina vituko. Ndugu wawili wa Texas, Nelson Bunker Hunt na William Herbert Hunt, walilundika fedha mpaka Januari 1980 bei ikafika karibu dola 50 kwa wakia. Alhamisi ya tarehe 27 Machi mwaka huo ikaanguka kutoka dola 21.62 hadi 10.80. Nusu, kwa siku moja!

Wazanzibari wa karne ya 19 walihesabu utajiri kwa riale ya fedha ya Maria Theresa. Ichunguze popote utakapoikuta: imeandikwa 1780. Hata iliyogongwa karne ya 20 imeandikwa 1780, kwani wafanyabiashara walikataa mwaka mwingine.

Dhahabu yote iliyowahi kuchimbwa duniani tangu binadamu aanze kuchimba ni tani 216,000 hivi. Iyeyushe, uiweke pamoja, utapata bonge la mchemraba lenye mita 22 kila upande. Basi! Lingekaa kwenye uwanja wa mpira na mchezaji akapata pa kupiga kona.

Soko la kwanza la madini la Serikali lilifunguliwa Geita Machi 2019. Mwanza kuna kiwanda cha kusafisha dhahabu chenye uwezo wa kilo 480 kwa siku, na kinafika usafi wa 999.9 kwa 1,000. Tangu Oktoba 2024 wenye migodi na wafanyabiashara wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao kwa ajili ya Benki Kuu. Uingereza iliuza ikiwa kama dola 275 kwa wakia. Sisi tunaweka.

Masultani wa Kilwa waligonga sarafu za dhahabu karne ya 14, dhahabu ikitoka Sofala. Zinazojulikana leo duniani ni chache mno.

Na mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walioishiwa sarafu waligonga za dhahabu Tabora, kwenye karakana ya reli. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, na upande mmoja ukachongwa tembo akiwa na mlima nyuma yake. Ziligongwa 16,198. Kila moja ina gramu 5 na kidogo za dhahabu halisi, na wakusanyaji huilipia mara kadhaa ya bei ya dhahabu iliyomo. Mshumaa gani wa Kijapani ungekuonyesha hilo?